Zinalia Tangu Alfajiri

Kabla jogoo wa Mkunya, huku kwetu Newala, hajawika, baiskeli zetu zimekwisha kuanza kulia. Kwii, kwaa, kwii, kwaa, madumu matupu yanagongana kwenye keria, na mtoto amepenyeza mguu chini ya bomba la fremu kwa sababu akikaa kwenye siti hafikii pedeli. Cheni inalia kama mfupa unaosagwa. Hakuna nyumba isiyousikia mlio huo. Tumeuzoea hata umegeuka jina la mtu: tukiwa bado kitandani tunasema huyo ni wa kwa fulani anawahi bombani, huyu ni mwalimu, yule anashuka shambani. Tunatambuana kwa vilio vya vyuma vyetu. Nani kati yetu aliyewahi kuinuka, akafungua mlango, akamwambia mtoto yule: simama, mwanangu, nikutilie oili?

Hakuna. Na mimi sikuinuka.

Wajomba zangu, nasema nanyi kwanza, kwa sababu kwetu mtoto ana mjomba wake, na mara nyingi baiskeli anayopanda ni ya mjomba huyo huyo. Hakuna kati yenu asiyejua. Simameni chini ya mkorosho wowote wanapokaa wanaume, mtasikia kila mmoja akieleza kwa ufasaha jinsi chuma kikavu kinavyokula chuma kikavu. Maarifa tunayo. Tumeyaweka mdomoni, mkononi hayajafika.

Kumbukeni tunaishi wapi. Huu ni mlima usio na mto. Mvua inyeshe usiku kucha, mchanga wetu utaimeza, na asubuhi hutaona hata kijito. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alifika Newala, na miongoni mwa mambo yaliyomshangaza ni hayo: watu wanaokaa juu huku maji yao yako chini bondeni. Wazee wetu walikuwa na sababu zao. Mlima uliwaficha na mashambulizi yaliyowakuta mabondeni. Lakini gharama ya usalama huo ililipwa na shingo za bibi zetu, walioteremka kwenye mabonde na kupanda tena na mitungi kichwani, mwaka baada ya mwaka, hata njia zikachimbika kwa nyayo. Mabomba ya maji kutoka Mitema yamepunguza safari hiyo, hayakuifuta. Bomba likikauka, watu wanarudi kwenye foleni ya mbali. Baiskeli ndiyo iliyomshushia mama mtungi. Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80 za maji, na hakuna shingo ya binadamu inayobeba kilo 80 kutoka bombani hadi nyumbani. Chuma kile cha baiskeli ya Phoenix kinabeba, siku baada ya siku, kwa malipo ya matone machache ya mafuta, nasi tumeshindwa hata kulipa hayo. Kisha siku moja cheni inakatika, au ekseli inavunjika, na tunaiegemeza baiskeli ukutani tukisema tutaangalia wiki ijayo. Wiki ijayo inakuwa mwezi. Katika mwezi huo, nani anatembea?

Ndoo inarudi kichwani kwa mama.

Hapo ndipo ulipo uovu wetu, na nataka tuutazame bila kugeuza uso. Msimu wa kupulizia mikorosho salfa ukifika, mtu hathubutu kuwasha mashine ya kupulizia bila petroli iliyochanganywa na oili. Anapima kama mfamasia, anakung'uta kichujio, anaifunika mashine na nailoni usiku isipate umande. Kwa nini? Kwa sababu mashine ile ikifa, korosho itapigwa na ubwiri, na korosho ni fedha, na fedha inaingia mfukoni mwake. Pikipiki nayo anaipeleka kubadilishiwa oili kwa kuhesabu siku. Lakini baiskeli inayoleta maji ya kupikia, ya kuogesha mtoto, ya kumnawisha yeye mwenyewe mikono kabla ya kula, hiyo haina siku. Msimu wa korosho unakuja, baiskeli ile ile inatakiwa kubeba gunia hadi ghala la chama cha ushirika, na ghafla fundi anatafutwa, grisi inapatikana, tairi inajazwa upepo. Kumbe tulikuwa tunajua? Kumbe uwezo ulikuwepo? Inawezekanaje chuma kimoja kistahili mafuta kinapobeba korosho, kisistahili kinapobeba maji?

Msiniambie umaskini. Nimeona mnachonunua siku ya malipo: maua ya plastiki ya usukani, kengele mbili ambapo moja ingetosha, rangi ya madigadi, redio ya kufunga kwenye fremu. Fremu inang'aa hata unajiona uso, na ndani ya habu gololi zinazunguka juu ya kutu. Tunapaka rangi kaburi.

Na wale wanaotia mafuta, wanatia nini? Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini ya pikipiki, nyeusi, yenye unga wa chuma ndani yake, tunaimimina juu ya cheni yenye vumbi la wiki tatu na kujiona tumetenda wema. Mchanga wetu mwekundu unanata juu ya oili ile, na kuanzia hapo cheni inazunguka ndani ya msasa. Wengine wanatia mafuta ya kula yanayoganda kama gundi. Wengine wanatia mafuta ya taa na kuondoka, wakati mafuta ya taa kazi yake ni kuosha. Cheni haiumwi kwa nje. Kila pingili ina pini na kigurudumu kidogo, na msuguano uko mle ndani. Osha kwanza kwa mafuta ya taa na brashi kuukuu, kausha, tia tone moja la oili safi kwenye kila kiungo huku ukizungusha pedeli kinyumenyume, kisha futa yote yaliyobaki nje, maana hayo ya nje hayana kazi ila kukaribisha mchanga. Ni robo saa kila wiki wakati wa vumbi, na tena baada ya mvua. Robo saa! Tunaitumia mara nne kwa siku kwenye bao.

Gololi ni siri nyingine tunayojifanya hatuijui kwa kuwa haionekani. Kwa kawaida gurudumu la mbele lina gololi 20, kumi kila upande, na la nyuma lina 18 zilizo kubwa zaidi, kwa sababu mzigo unakaa nyuma. Vitu vidogo kuliko punje ya mbaazi vinabeba kilo 80 za maji pamoja na mpandaji. Vinahitaji grisi mpya mara mbili kwa mwaka, na kalenda yetu inatuonyesha lini: kabla ya salfa na kabla ya korosho. Ekseli ya kati inayobeba mikono ya pedeli inataka hivyo hivyo, na shingo ya usukani, na pedeli zenyewe. Friwili, ile gia ya nyuma inayolia tik-tik ukiacha kukanyaga, haitaki grisi nzito. Ukiitia hiyo, vikucha vyake vya ndani hunasa, na siku hiyo pedeli itazunguka bure katikati ya kilima. Itie oili nyepesi. Inua gurudumu, litikise kushoto na kulia. Likicheza, koni zimelegea, na kila siku unayochelewa zinachimbika. Mtoto wa darasa la nne anaweza kufanya ukaguzi huu. Sisi wenye ndevu hatuufanyi.

Nimeiacha breki kwa sababu naiogopa.

Kila anayekaa ukingoni mwa mlima huu anaijua miteremko yetu, inavyoanza taratibu kisha inakukamata. Breki za Phoenix ni vyuma vilivyounganishwa kwa viungo, toka mkononi hadi kwenye raba. Viungo vile vinataka tone la oili visikwame. Raba na ringi zinataka ukavu, hata tone moja lisizifikie, na oili ile chafu tunayoirusha ovyo hufika huko. Raba ikiisha, chuma kinakutana na ringi, na tunaendelea kupanda hivyo hivyo tukipunguza mwendo kwa kukandamiza soli ya kandambili kwenye tairi. Tunawafundisha watoto kufanya hivyo, na tunauita ujanja. Mtoto anapookotwa mtaroni na mkono umevunjika, tunakusanyika, tunashika tama, tunasema ni kazi ya Mungu.

Si kazi ya Mungu. Ni raba ya breki.

Mungu ametajwa mno katika uzembe wetu, msikitini na kanisani. Mkikosa kumsingizia Yeye mnamsingizia Mchina, kwamba vyuma vya siku hizi ni feki. Vipo vilivyo feki, nakubali. Basi kilicho dhaifu ndicho kinachohitaji mafuta zaidi. Mkikosa Mchina mnamlaumu fundi, mtu mmoja chini ya mwembe na spana tatu, anayeletewa mzoga na kuulizwa kwa nini haufufuki.

Na tusiseme kosa ni la mwenye baiskeli peke yake. Baiskeli zetu haziishi na mtu mmoja. Zinaazimwa kwenda zahanati, zinaazimwa kwenda msibani, zinaazimwa kupeleka mahari, na kila anayeazima anairudisha ikiwa kavu kuliko alivyoichukua. Shukrani tunatoa, salamu tunatoa, hata kuku tunatoa, lakini nani amewahi kurudisha baiskeli ikiwa imetiwa oili? Kwa hiyo mwenyewe naye anachoka, anasema kwa nini nitunze kitu cha wote? Hivyo cha wote kinakuwa cha hakuna, na mlio unaongezeka barabarani mwaka hadi mwaka, nasi tunalala.

Mimi nimelala vya kutosha. Kesho nitakaa barazani kabla jogoo hajawika, na kitambaa, na brashi, na chupa ya oili safi niliyoinunua kwa fedha yangu. Nitasikiliza. Mtoto atakayepita na chuma kinacholia nitamsimamisha, nitaigeuza baiskeli matairi juu, nitatia tone kila pingili mpaka inyamaze. Kisha nitamuuliza: hii ni ya nani? Atanitajia jina la mjomba wake, na jua likichomoza nitakuwa mlangoni kwako.