Ufagio, Ungo na Bibi wa Jirani

Soma kwa Ajili ya Somo Hili: Kum. 18:9–14, Kum. 19:15–19; 1 Sam. 28:3–25, Mhu. 9:5, 6, Yn. 9:1–3, Mdo. 19:18–20.

Jioni moja huko Nanyamba, juu kwenye uwanda wa Wamakonde, wajukuu watatu wameinamia simu moja. Wanatazama filamu ya Harry Potter, yule kijana mchawi wa Kiingereza ambaye kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1997. Wanafunzi wa shule ya uchawi wamepanda fagio, wanacheza mpira angani. Bibi yao, anayepepeta mtama barazani, anachungulia na kucheka.

"Hao Wazungu nao! Wachawi wa huku hawapandi ufagio. Wanapanda ungo."

Watoto wanautazama ungo ulio mikononi mwake, na hakuna anayecheka tena.

Ufagio wa angani ni mchezo wa mbali, kwa hiyo hauwatishi. Ungo uko jikoni, na kila mtoto amekwisha kusikia ni nani mtaani anayesemwa kuwa huupanda usiku.

Lakini hata ufagio haukuwa mchezo siku zote. Mwaka 1451, katika kitabu cha mkono cha Mfaransa Martin Le Franc, pambizoni mwa ukurasa walichorwa wanawake wawili wakiruka, mmoja juu ya ufagio, mwingine juu ya fimbo. Katika karne tatu zilizofuata, mahakama za Ulaya ziliwaua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 40,000 na 60,000 kwa shtaka la uchawi, wengi wao wanawake. Anna Göldi, mtumishi wa nyumbani, alikatwa kichwa huko Glarus, Uswisi, mwaka 1782. Mahakimu wengi wa kesi hizo walikuwa wasomaji wa Biblia. Ufagio uligeuka kuwa kichekesho cha watoto baada ya hofu kutoka mahakamani, si kabla.

Ufagio na ungo vyote ni vyombo vya mwanamke wa nyumbani. Haishangazi basi kwamba anayenyooshewa kidole, kule na huku, mara nyingi ni mwanamke, tena mzee, tena mjane, mwenye macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni za miaka sitini.

Tanzania bado haijafika mahali pa kuucheka ungo. Oktoba 2014, katika kijiji cha Murufiti, mkoani Kigoma, watu saba waliuawa kwa kushukiwa kuwa wachawi. Polisi waliwakamata watu 23, akiwamo mganga wa kienyeji. Wakati huo watetezi wa haki za binadamu nchini walikadiria kwamba watu wapatao 500 huuawa hivyo kila mwaka.

Soma 1 Samweli 28:3–25. Sauli alikwenda Endori akitafuta nini, na alirudi na nini?

Sauli alikuwa amewafukuza wenye pepo wa utambuzi katika nchi, kisha akaenda kwa mmoja wao usiku, amejibadilisha mavazi. Maandiko yanasema wafu hawajui neno lolote (Mhu. 9:5), basi aliyesema naye gizani hakuwa Samweli. Hakupewa shauri wala ushindi. Alianguka chini kifudifudi, nguvu zimemwisha. Kitu pekee chenye faida alichokipata nyumba ile kilikuwa chakula, na hicho alikipika mwanamke kwa huruma yake, si kwa uaguzi wake.

Jambo hili ligusie moyo wa mshiriki anayejihesabu kuwa mbali na uchawi. Orodha ya Kumbukumbu la Torati 18 haimtaji mchawi peke yake. Inamtaja pia atazamaye bao na awaombaye wafu, na inawaonya watu wa Mungu wasiwasikilize. Mkristo anayelipa mganga ampigie ramli ili ajue ni nani aliyemroga mwanawe ameingia katika fungu hilo kwa mlango wa mbele. Anadhani anapigana na uchawi, kumbe ameulipia.

Wengine hukimbilia Kutoka 22:18. Sheria ile ilitolewa kwa taifa lenye waamuzi, na sheria hiyo hiyo ya Musa ilikataza kumhukumu mtu kwa shahidi mmoja. Waamuzi walitakiwa kutafuta sana, na shahidi wa uongo apewe adhabu aliyomkusudia mwenzake (Kum. 19:15–19). Ramli haina hata shahidi mmoja. Kundi la vijana wenye mapanga na galoni ya petroli halina kibali chochote katika Kutoka.

Soma Yohana 9:1–3. Yesu alilijibuje swali la wanafunzi kuhusu nani mwenye kosa?

Kwa mkulima wa Nanyamba, swali lile huja na mikorosho. Maua yakifunikwa na vumbi jeupe kama unga, huo ni ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu. Jirani aliyepuliza salfa kwa wakati anavuna, na aliyechelewa anakosa. Ni hapo minong'ono huanza kwamba bibi fulani anazichukua korosho za wenzake usiku. Wanafunzi waliuliza nani ametenda dhambi, huyu au wazazi wake. Bwana hakuwapa jina la mtu. Alitema mate, akafanya tope, akamponya kipofu. Mwenye shamba naye ana kazi ya kufanya, na wala haianzii kwa mganga.

Vipi basi kuhusu filamu? Waumini wa Efeso walichoma vitabu vya uganga vyenye thamani ya vipande hamsini elfu vya fedha. Vilikuwa vitabu vyao wenyewe. Hawakuchoma nyumba ya mtu. Mzazi anayezima filamu inayoufanya uchawi uonekane kuwa kipaji kitamu ana haki kabisa. Ila filamu za hapa nchini zinazoonyesha kikongwe uchi juu ya ungo hupita sebuleni bila kuulizwa, pengine kwa sababu mwishoni mchungaji huja kukemea. Ya Kiingereza humfundisha mtoto kutamani nguvu. Ya nyumbani humfundisha uso gani auogope, na uso huo anakutana nao kisimani kesho yake. Ikibidi kuchagua, hii ya pili izimwe kwanza.

Pale barazani, mjukuu mdogo hakuwa ameyaondoa macho yake kwenye ungo.

"Bibi, na huo unaruka?"

Bibi aliuinua juu kwenye mwanga, akaonyesha tundu aliloliziba kwa kitambaa.

"Huu? Huu hata mtama unamwaga. Kaa hapa, unishikie upande huu."

Kwa mjadala darasani: Mjane mzee, mshiriki wa kanisa lenu, anasemwa kijijini kuwa ndiye aliyemuua mtoto wa jirani. Jua linatua. Nani atakwenda kulala nyumbani kwake usiku huu, na nani atakwenda kuketi na wazazi wa mtoto?