Askofu Aliyeondoka Kabla ya Jibu

Hapa Mwanza baiskeli si kitu kigeni. Wasukuma wamebebea pamba, mkaa, madumu ya maziwa na hata wagonjwa juu ya keria tangu enzi za babu zetu, na mashindano ya baiskeli katika Kanda ya Ziwa hujaza watu kando ya barabara. Kilicho kipya ni vijana wenye baiskeli za gia, zile za tairi pana, wanaotaka kulizunguka ziwa zima. Watoke Mwanza, wapite Magu, Bunda na Tarime, waingie Kenya pale Sirari, washike Kisumu na Busia, wavuke Mto Nile Jinja, washuke Masaka hadi Mutukula, kisha Bukoba na Geita mpaka nyumbani. Wageni nao wanakuja na hamu hiyohiyo. Ni safari nzuri, na mimi naitamani. Kwa sababu hiyo nataka nisimulie habari ya mtu mmoja aliyekaa akapanga njia ya kuja kwenye ziwa hili, mtu shupavu na mwenye akili, na upangaji wake ukamponza yeye na wengi waliomfuata.

Aliitwa James Hannington, padri Mwingereza wa chama cha kimisionari cha CMS. Safari yake ya kwanza ilikuwa mwaka 1882. Alipita njia iliyozoeleka na misafara: kutoka pwani hadi Mpwapwa, Uyui karibu na Tabora, kisha kaskazini kuelekea Msalala na mwambao wetu huu wa kusini. Homa na kuhara damu vilimmaliza. Sehemu kubwa ya njia alibebwa kwa machela. Alifika kwenye maji ya ziwa, lakini Buganda alikokuwa anakwenda hakufika. Ilibidi arudishwe Uingereza mwaka 1883, na waliomwona walidhani hataiona tena Afrika.

Akapona. Juni 1884 akawekwa wakfu kuwa askofu, na Januari 1885 akashuka Mombasa. Safari hii aliapa kutafuta njia nyingine.

Tumtendee haki, maana hoja zake zilikuwa na uzito. Njia ya kusini ilikuwa imeua wamisionari wengi kwa homa. Ilikula miezi, na kila mtemi alidai hongo. Tena chama chake kilikuwa na kumbukumbu chungu ya upande huu wa ziwa: Desemba 1877 Luteni Shergold Smith na mwenzake O'Neill waliuawa Ukerewe, baada ya kujikuta katikati ya ugomvi wa mtawala Lukonge na mfanyabiashara Mwarabu aliyeitwa Songoro. Kwa upande wa kaskazini, kutoka Mombasa kupitia nchi ya Wamasai, kulikuwa na nyanda za juu zenye baridi na hewa safi, na pwani ya huko CMS ilikuwa na makao yake Rabai. Ukiiweka ramani mezani, mstari wa kutoka Mombasa hadi kona ya kaskazini mashariki ya ziwa ni mfupi na umenyooka. Njia ya kusini inazunguka mno. Yeyote kati yetu, akiwa na kalamu mkononi na kumbukumbu ya kuhara damu tumboni, angeuchora mstari uleule.

Lakini dalili zilikuwepo, na nataka tukae nazo kidogo.

Aliyemtangulia katika njia ile alikuwa Mskoti Joseph Thomson. Alikatiza nchi ya Wamasai mwaka 1883, na Desemba mwaka huo akafika ziwani, upande wa Busia ya leo. Hapo akageuka akarudi. Busoga hakuingia. Habari za safari yake zilisisimua watu London, na zikaonyesha kwamba nchi ya Wamasai inapitika. Ilikuwa kweli. Ila safari ya Thomson ilithibitisha njia mpaka pale alipogeukia tu, na kipande kilichobaki, kutoka pale hadi mji wa Kabaka, mfalme wa Buganda, hakikuwa na shahidi. Sisi nasi tunafanya hivyo mara nyingi: mtu amesifia barabara ya mpaka Musoma, tunajiambia barabara nzima ni nzuri.

Dalili nyingine ilikuwa Buganda kwenyewe. Kabaka Mutesa, aliyewapokea wamisionari, alifariki Oktoba 1884. Aliyerithi kiti ni mwanawe Mwanga, kijana ambaye hata miaka ishirini alikuwa hajaifikisha, amezungukwa na wakuu wanaowashuku wageni. Tarehe 31 Januari 1885, siku chache tu baada ya Hannington kushuka Mombasa, vijana watatu Wakristo walichomwa moto karibu na mji wa Kabaka. Mlango alioufahamu Hannington kwa kusimuliwa ulikuwa na mwenyewe mwingine.

Halafu Wajerumani. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters alikuwa ameshapita Usagara akiwatilisha machifu saini kwenye mikataba. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilisimama mbele ya Unguja kumtisha Sultani Barghash. Habari hizi zilipanda bara pamoja na misafara, zikafika kwa Mwanga. Na Buganda walikuwa na imani kwamba watakaoila nchi yao watatokea mashariki, upande wa Busoga. Wageni wengi waliokubalika walikuja kutoka kusini, kwa mitumbwi na madau, wakiripoti na kusubiri ruhusa. Anayetokea Busoga alikuwa kama mtu aliyekutwa ndani ya ua wako usiku bila kupiga hodi. Hata awe mwema namna gani, wema wake hauonekani saa hiyo.

Wamisionari waliokuwa Buganda, Alexander Mackay na Robert Ashe, waliyajua haya. Waliisikia hofu ya barazani kwa masikio yao. Barua za kumwonya askofu asipite mashariki ziliandikwa. Hazikumkuta. Barua zama hizo zilikwenda kwa miguu ya watu, miezi kwa miezi, na tarehe 23 Julai 1885 Hannington aliondoka Rabai na wapagazi wapatao mia mbili, pasipo jibu la wale ambao ndio hasa walioishi kule anakokwenda.

Hapo ndipo ninapoliona kosa lenyewe. Ujasiri hakupungukiwa, wala chakula, wala wapagazi. Alichokosa ni subira ya kungoja neno kutoka mwisho wa safari. Alikuwa amepanga njia kwa kuzitazama nchi anazopita, hakuuliza vya kutosha atapokewaje anakofika.

Na tazama jinsi mafanikio yanavyoweza kumpumbaza mtu. Hatari iliyomshughulisha kila aliyesikia mpango wake ilikuwa Wamasai. Akajiandaa nayo, akaivuka. Akapita kiu, njaa na vitisho, akafika salama kwa Sundu, ndipo Mumias ya leo. Hapo lazima moyo ulimwambia kwamba kazi kubwa imekwisha. Akamwacha Mchungaji William Jones, Mwafrika aliyeijua vizuri misafara, akae na sehemu kubwa ya watu na mizigo. Yeye akachukua watu hamsini, na tarehe 12 Oktoba akatangulia mbio kuelekea Nile.

Tarehe 21 Oktoba alifika kwa chifu Luba wa Busoga. Aliambiwa Nile iko karibu. Akapanda kilima, akauona mto ule mkubwa uking'aa mbele yake, mwendo mfupi tu. Akiwa bado anautazama, wanaume wakamvamia, wakamkokota hadi kwenye kibanda na kumfungia humo, huku wajumbe wakienda kwa Kabaka kuuliza afanywe nini. Kwa siku nane alilala kwenye uchafu, akiungua homa, akiandika shajara kwa penseli kwenye kitabu kidogo. Aliandika hata habari ya fisi aliyelia karibu usiku. Tarehe 29 Oktoba amri ilifika. Wakamtoa nje wakamuua, na wenzake karibu wote. Waliosalimika ni wachache sana, na ndio waliorudi kumweleza Jones.

Historia imelihifadhi jina la askofu. Wale wapagazi wengi wao hatujui hata majina yao. Hakuna aliyewauliza wangependa kupita wapi. Jones aliurudisha msafara Rabai Februari 1886, na wanawake waliokuwa wakingoja waume zao wakapokea habari hiyo. Buganda nako, Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi wa ikulu aliyethubutu kumkemea Kabaka kwa mauaji yale, alikuwa ameshauawa Novemba 15, 1885. Miezi michache baadaye, Juni 3, 1886, yakaja mauaji ya Wakristo kule Namugongo. Mambo hayo yalikuwa na sababu nyingi, na sidai kwamba njia ya askofu ndiyo iliyoyaleta yote. Ila anayepanga njia hapangi kwa ajili ya miguu yake peke yake.

Wala simtetei Mwanga. Damu ile ilikuwa ya watu wasio na hatia. Lakini hofu yake haikuwa ndoto: Desemba 1890 Kapteni Lugard, Mwingereza, aliingia Buganda akitokea mashariki, kupitia Busoga, na askari wake, na mwaka 1894 Uingereza ikatangaza himaya. Reli ya kutoka Mombasa ikafika Kisumu mwaka 1901. Wenyeji walijua kitu ambacho ramani ya askofu haikukionyesha.

Sasa turudi kwenye baiskeli zetu. Leo hakuna Luba anayengoja Busoga. Barabara ya Busia hadi Jinja ina malori usiku na mchana, na wenyeji wake ni wakarimu. Hata hivyo kosa la kuondoka bila jibu bado linatembea, na nalihofia kwa vijana wetu kama ninavyolihofia kwangu.

Chukua mgeni anayepanga kutoka Mwanza kwenda Arusha. Programu ya ramani kwenye simu inamchorea njia iliyonyooka: Lamadi, lango la Ndabaka, katikati ya Serengeti, Ngorongoro, Karatu. Barabara ipo kweli, magari yanapita kila siku. Lakini baiskeli hairuhusiwi kupita hifadhini, na sababu yake ina meno. Mtu aliyetoka Ulaya na njia hiyo mfukoni ataambiwa langoni ageuze, au atafute gari la kumbeba na alipe viingilio ambavyo hakuviweka kwenye bajeti. Njia yake halali ni kuzunguka Shinyanga, Nzega na Singida, siku nyingi zaidi. Swali moja kwa ofisi ya hifadhi lingemwokoa.

Au chukua udongo wetu mweusi wa mbugani, kule Maswa na Meatu. Kiangazi njia zake ni ngumu kama saruji na baiskeli inateleza kwa raha. Mvua moja tu ya masika ikinyesha, udongo unashika tairi, unajaza madigadi, unameza mnyororo, gurudumu linakataa kuzunguka kabisa. Hapo unabeba baiskeli begani badala ya kubebwa nayo. Ramani haina msimu. Mkulima wa pale anao, na atakueleza ukimwuliza.

Habari nazo huchakaa. Machi 2020 Uganda ilifunga mipaka yake kwa wasafiri kwa sababu ya korona. Mpango uliokuwa mzuri Februari ulikufa katika wiki chache. Upande wa heri pia ni hivyohivyo: aliyepanga kwa maelezo ya zamani bado anahesabu saa za kungoja kivuko Busisi, kumbe tangu Juni 2025 kuna daraja la kilomita tatu. Kwa hiyo mtu akikupa habari ya njia, mwulize alipita lini, na aliishia wapi.

Nawasihi wanaojiandaa kwa msimu wa kiangazi. Kabla ya kununua tairi za akiba na mikoba ya keria, shikeni pasipoti au hati ya dharura ya safari, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana kitambulisho cha taifa peke yake hakimtoshi Mtanzania kuvuka Sirari. Tafuteni mtu mmoja anayeishi katika kila mji mtakaolala, Kisumu, Jinja, Masaka, Bukoba: mwendesha baiskeli, mwalimu, shemasi, fundi, yeyote. Mwambieni mtapita wapi na lini, mwulizeni kuna nini siku hizi, na msikilize hasa pale jibu lake linapovunja mpango wenu. Msimwache nyuma mwenzenu anayeijua njia kwa sababu tu anakwenda polepole. Na yule rafiki mnayemshawishi aje, mwelezeni hatari zote akiwa bado nyumbani, apate nafasi ya kukataa. Kama majibu ya Uganda hayajafika, ahirisheni. Barabara ya Musoma itakuwepo wiki ijayo pia.