USINGIZI NA SALA YA USIKU

Wako watu, na miongoni mwao wamo vijana wetu waliosoma, wanaouliza swali hili: Madaktari wa leo wanamhimiza mtu mzima alale saa 7 au zaidi kila usiku, nayo dini ya Islam yamwamsha mtu kabla ya alfajiri asimame mbele ya Mola wake. Mafundisho hayo mawili yatakaaje pamoja? Na wako wengine, upande wa pili, wanaodhani kwamba ucha Mungu hupimwa kwa uchache wa usingizi. Hata wakimwona ndugu amejinyoosha kidogo mchana humwita mvivu. Makundi haya mawili yanakosea mahali pamoja. Yote mawili yanauhesabu usingizi kuwa adui wa sala.

Qurani Tukufu haiusemi usingizi hivyo. Katika sura An-Naba (78:10) usingizi umetajwa pamoja na ardhi, milima, usiku na mchana, kuwa umefanywa na Mwenyezi Mungu kwa ajili ya mapumziko yetu. Katika sura Ar-Rum (30:24) kulala kwetu usiku na mchana kumehesabiwa kuwa miongoni mwa Ishara Zake kwa watu wanaosikia. Na katika Ayatul-Kursi (2:256) twaelezwa kwamba Yeye peke Yake hashikwi na kusinzia wala usingizi. Basi anayejigamba kwamba yeye hahitaji kulala, na aangalie ni sifa ya nani anayojaribu kujivika.

Tuitazame sasa ishara hiyo kama elimu ya siku hizi ilivyoifunua. Kwa muda mrefu watu walidhani kwamba ubongo wa aliyelala umezimika kama taa. Mwaka 1924 daktari Hans Berger wa mji wa Jena, Ujerumani, alifaulu kupima umeme mdogo sana unaopita katika ubongo wa mwanadamu. Tangu hapo ikawezekana kuuchungulia ubongo usiku, na ikaonekana kwamba haukuzimika hata kidogo. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chicago walieleza kwamba zipo nyakati katika usingizi ambapo macho huenda mbio chini ya kope zilizofumba, na mtu akiamshwa wakati huo mara nyingi husema alikuwa akiota. Leo tunajua kwamba usingizi huja kwa mizunguko, kila mmoja kama dakika 90 hivi. Katika theluthi ya kwanza ya usiku ndipo usingizi mzito huwa mwingi, ambapo mawimbi ya ubongo hupungua mwendo yakawa makubwa na ya polepole. Kuelekea alfajiri usingizi huo hupungua na ule wa ndoto huongezeka. Mambo aliyojifunza mtu mchana hukazwa katika kumbukumbu wakati amelala. Mwanafunzi anayekesha usiku kucha kabla ya mtihani anaharibu kwa mkono mmoja anachojenga kwa mkono mwingine.

Ni nani anayeamuru nyakati hizo? Chini ya ubongo, juu tu ya mahali neva za macho mawili zinapopishana, pana sehemu ndogo yenye chembe za neva zipatazo 20,000. Hiyo ndiyo saa ya mwili. Nuru inayoingia machoni huirekebisha kila siku, ijue ni mchana au ni usiku. Wataalamu watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kufunua jinsi saa ya namna hiyo inavyofanya kazi ndani ya chembe, nao waliichunguza katika nzi wadogo wa matunda. Hata nzi amewekewa wakati wake.

Watu wa nchi zetu waliifahamu saa hiyo kwa njia ya msiba. Kati ya mwaka 1900 na 1920 ugonjwa wa malale uliwaua watu wanaokadiriwa kufika 250,000 katika Busoga na pwani ya kaskazini ya Ziwa Victoria. Mbung'o humwingizia mtu kijidudu kisichoonekana kwa macho, nacho mwishowe hufika katika ubongo. Wazee waliuita malale kwa kuwa waliona mgonjwa akilala mchana, hata chakula kikiwa mkononi. Lakini mgonjwa huyo huyo usiku hukosa usingizi. Ugonjwa haukumwongezea usingizi kama ilivyodhaniwa, bali umeuvunja utaratibu wake. Na utaratibu ukivunjika, akili huvurugika, na asipotibiwa hufa. Kiumbe kidogo kuliko chembe ya vumbi chaweza kuivuruga saa ambayo mfalme hawezi kuiamuru.

Sasa turudi kwenye swali la sala. Katika Sahihi Bukhari imesimuliwa habari ya Hazrat Salman r.a. na Hazrat Abu Dardaa r.a., ambao Mtume Mtukufu s.a.w. aliwafanya ndugu. Salman alipomtembelea nduguye alimkuta mkewe amevaa nguo chakavu, naye akaeleza kwamba mumewe hana haja na dunia hii. Usiku ulipoingia Abu Dardaa alitaka kusimama kusali. Salman akamwambia alale, akalala. Akataka kusimama tena. Akamwambia tena alale. Ilipofika sehemu ya mwisho ya usiku Salman mwenyewe ndiye aliyemwamsha, wakasali pamoja. Kisha akamweleza kwamba Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki juu yake, na mkewe pia ana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Abu Dardaa alikwenda kumwarifu Mtume Mtukufu s.a.w., na Mtume s.a.w. akasema kwamba Salman amesema kweli.

Hapa pana jibu kamili la swali letu. Salman r.a. hakumzuia nduguye asisali tahajjud, bali alimpangia usiku wake: kwanza usingizi, kisha sala. Na neno lenyewe tahajjud wanazuoni wa Kiarabu wamelieleza kuwa ni kuamka baada ya kulala. Tena Mtume Mtukufu s.a.w. hakupenda mtu alale kabla ya Isha wala akae kupiga soga baada yake. Mtu afuatapo mwendo huo, ile theluthi ya kwanza ya usiku, yenye usingizi mzito ambao mwili unauhitaji mno, haikuguswa.

Tufanye hesabu ya nyumbani. Hapa kwetu Afrika Mashariki, karibu na ikweta, sala ya Isha husaliwa karibu na saa 2 usiku. Anayelala saa 3 akaamka saa 10 amekwisha pata saa 7 kamili, na bado anao muda wa kutosha wa tahajjud kabla ya Alfajiri. Akijipumzisha kidogo adhuhuri, kama Masahaba r.a. walivyozoea, amezidisha. Aibu iliyoje, basi, kusema kwamba tahajjud ndiyo inayotunyima usingizi! Ni saa ngapi tunazopoteza kati ya saa 3 na saa 6 usiku tukiangalia mpira, au tukitazama simu tukiwa tumekwisha jilaza kitandani? Nuru ya simu hiyo huuambia ubongo kwamba jua halijatua. Tusiwasingizie sala mzigo ambao tumejitwisha wenyewe kwa starehe.

Na hapa nataka kuonya juu ya jambo moja. Imepokewa kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. aliagiza taa zizimwe wakati wa kulala. Nimewasikia wahubiri wakisema kwamba huu ni ushahidi wa elimu ya saa ya ubongo. Lakini Hadithi yenyewe yataja sababu: panya aweza kuuvuta utambi akaiunguza nyumba. Yatosha sababu aliyoitaja mwenyewe. Hatuna haja ya kumwekea maneno kinywani. Seyidna Ahmad a.s. ametufundisha kwamba Neno la Mungu na Kazi ya Mungu haviwezi kupingana. Mwenye imani hiyo hana sababu ya kuvilazimisha vifanane.

Mahali panapofanana kweli huonekana bila kulazimishwa. Bibi Aisha r.a. amesimulia kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. aliagiza anayesinzia katika sala aende akalale mpaka usingizi umwishe. Kwani akisali huku anasinzia hajui, pengine anataka kuomba msamaha kumbe anajilaani. Linganisha agizo hilo na lile la sura An-Nisaa (4:44), kwamba waaminio wasiikaribie sala hali wamelewa mpaka wajue wanayoyasema. Sababu ya maagizo yote mawili ni moja: ulimi usiomjua msemaji wake. Usingizi uliozidi na ulevi vimewekwa karibu karibu. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Australia, Dawson na Reid, walitangaza matokeo ya kuwapima watu waliokesha na watu waliokunywa pombe. Aliyekaa macho saa 17 mfululizo utendaji wake ulishuka ukawa kama wa mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Na aliyefika saa 24 akawa kama mwenye asilimia 0.10. Yaani mtu ambaye hajaonja tone la pombe maishani mwake aweza kushika usukani akiwa na ubongo wa mlevi.

Jambo hili si la msikitini tu. Tanzania iliruhusu mabasi ya abiria kusafiri tena usiku mwaka 2023, na malori hayajaacha kamwe. Dereva aliyekesha akanywa vikombe vitatu vya kahawa amekificha kilevi chake, hakukiondoa. Katika ubongo hukusanyika kitu kiitwacho adenosini, kinachozidi kadiri mtu anavyokaa macho, nacho ndicho hutuletea uzito wa usingizi. Kahawa hukaa mahali pake kwa muda ili kisihisiwe, lakini chenyewe kinaendelea kungoja. Tajiri anayemlazimisha dereva kuunganisha safari mbili bila kulala, anywe au asinywe pombe yeye mwenyewe, amewapandisha abiria katika gari la mlevi. Tunawakemea wauza pombe mitaani. Huyu pia akemewe, hata kama anatoa chanda na kuketi safu ya mbele Ijumaa.

Yawabaki wale ambao usiku wao haumo mikononi mwao: muuguzi wa zamu, mlinzi, mama mwenye mtoto mchanga, mgonjwa. Mwisho wa sura Al-Muzzammil (73:21) Mwenyezi Mungu amesema Anajua kwamba miongoni mwetu watakuwako wagonjwa, na wanaosafiri kutafuta riziki, na wanaopigana katika njia Yake, kwa hiyo tusome katika Qurani kile kilicho chepesi kwetu. Hawa wasijione kuwa wametupwa. Na ile aya ya Ar-Rum imetaja usingizi wa mchana pamoja na wa usiku. Jirani anayejua kwamba mlinzi amelala saa 4 asubuhi na apunguze redio yake. Mume na ambebe mtoto saa moja ili mama afumbe macho.

Mtume Mtukufu s.a.w. aliwafundisha Masahaba wake kwamba mtu akija kitandani akikung'ute kwa upindo wa nguo yake, kwani hajui ni kitu gani kimeingia hapo alipokuwa hayupo. Kisha alale kwa ubavu wa kulia na kumwomba Mola wake kwamba, Akiizuia roho yake, Airehemu, na Akiirudisha, Ailinde. Ombi hilo lafuata maneno ya sura Az-Zumar (39:43), kwamba Mwenyezi Mungu huzichukua roho wakati wa kufa, na za wale wasiokufa huzichukua usingizini, kisha huzirudisha hizo nyingine mpaka muda uliowekwa.