Dirisha la Bibi

Kila magharibi bibi yangu alipita chumba kwa chumba akifunga madirisha. "Mjukuu wangu, hewa ya saa hizi ina homa." Mimi, niliyetoka shule mchana huo na somo la anofelesi bado bichi kichwani, nikamjibu: ni mbu, bibi, si hewa. Alicheka, akanyoosha mkono nimpe komeo. Kila mtu na sababu yake, dirisha lilelile.

Nalikumbuka dirisha hilo kila nikutanapo na hoja ya Thomas Kuhn, Mmarekani aliyeandika mwaka 1962 kwamba nadharia zinazoshindana katika sayansi hukosa kipimo cha pamoja. Kila moja ina maswali yake, na hata maneno huyapa maana yake. Wapo waliodaka hoja hiyo wakahitimisha kuwa nadharia hazilinganishiki kabisa. Kuhn mwenyewe aliikataa tafsiri hiyo, na kwa haki: neno alilolitumia lilitoka kwenye jometri. Upande wa mraba na ulalo wake havina kipimo kimoja cha kuvigawa vyote bila kubaki kitu, lakini hata mtoto huona ulalo ni mrefu zaidi.

Hata hivyo ugumu aliouona upo. Malaria ni Kiitaliano, maana yake hewa mbaya. Aliyelelewa na imani ya mvuke wa vinamasi, ukimwambia malaria haimo hewani atakuona umechanganyikiwa. Na mambo mengi yaliafiki pande zote mbili, wa hewa na wa mbu: homa ilizidi penye vinamasi, usiku ulikuwa wa hatari, vinamasi vikikaushwa wagonjwa walipungua. Ronald Ross alikuta vimelea kwenye tumbo la mbu huko Secunderabad, India, Agosti 1897, na bado kulikuwa na wabishi.

Mwaka 1900 daktari Patrick Manson wa London akapata njia. Kibanda kilisimamishwa Ostia, karibu na Roma, penye homa kali, madirisha yake yakawambwa wavu wa waya. Wavu huzuia mbu, hewa hupita. Madaktari Sambon na Low walikaa humo msimu wa homa, wakiingia ndani kabla jua halijazama, wakivuta hewa ileile waliyovuta majirani. Hawakuugua. Mwaka huohuo mbu wenye vimelea walisafirishwa kutoka Roma hadi London, wakamuuma mtoto wa Manson. Akapata malaria, tena bila kukanyaga kinamasi.

Hapakuhitajika kamusi ya kupatanisha kambi hizo mbili. Ilitosha kutafuta mahali ambapo moja ingesema "utaugua" na nyingine "hutaugua", kisha mtu akalala hapo.

Kwetu wavu ulikuja baadaye sana. Bibi aliendelea kufunga madirisha, wavu au bila wavu, hadi joto la Februari moja. Usiku ule aliliacha wazi la chumbani kwake, na halikufungwa tena. Kuhusu hewa, hakuwahi kunikubalia.