Goti la Mtoto Tumboni mwa Mamaye

Wapendwa wakatekumeni, kila mwingiapo kanisani mwapiga goti mbele ya Tabernakulo. Je, mmepata kufikiri goti hilo lilianza kufanyizwa lini? Katika juma la nne tangu kutungwa mimba mguu ni chipukizi tu. Yapata juma la nane mtoto mzima hazidi upana wa vidole viwili, na mama pengine hana hakika bado ya mimba yake. Lakini ndani ya goti vimekwisha anza kuonekana vipande viwili vya gegedu, yaani kitu kigumu kiasi, chenye kunyumbuka, kama kile cha sikio. Kufika juma la kumi vimepata umbo: cha ndani kama mwezi mwandamo, cha nje kimejikunja zaidi, karibu kufunga duara. Kazi yake ni kupokea uzito kati ya mfupa wa paja na muundi.

Wako wanaozaliwa na kipande cha nje kilichojaa kama kisahani. Wengi hawajui jambo hilo maisha yao yote. Wengine goti lao hualika, au halinyooki. Zamani waganga wa hospitali walidhani ya kuwa kila gegedu huanza kama kisahani, na kwa hao kazi ilikoma njiani. Mwaka 1957 Daktari Kaplan wa Marekani alieleza kuwa amechunguza magoti ya watoto waliokufa kabla ya kuzaliwa, asikione kisahani hicho katika hatua yoyote ya ukuaji wa kawaida. Basi, si goti lililoachwa nusu.

Lakini mtoto akichechemea, maneno huanza kijijini: mama alivunja mwiko, bibi ni mchawi. Hao wanarudia swali la wanafunzi juu ya yule kipofu, katika Yohani sura ya 9: nani aliyekosa, yeye au wazazi wake? Bwana Yesu alikataa yote mawili.

Tena wanaume wepesi wa kumshitaki mke na wasikie. Mwaka 2020 waganga wa Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitangaza uchunguzi juu ya watoto wachanga wa mji huo, 138 wenye kilema cha kuonekana na 108 wasio nacho. Vilema vilionekana zaidi kwa watoto ambao baba zao walikuwa na kazi ya migodi. Uchunguzi huo haukuhusu gegedu la goti, wala hausemi kila mchimbaji atazaa kilema. Hata hivyo mchimbaji arudipo na aoge, na nguo za vumbi zibaki nje.

Mtoto wa namna hii apelekwe hospitali, si kwa mpiga ramli. Goti lisiloumiza huachwa lilivyo. Likikwama, waganga huweza kulipunguza gegedu. Na katika mafundisho, wenzake wapigapo magoti, yeye aachwe aketi benchini. Kanisa halimdai mgonjwa goti asiloweza kulikunja, wala Ubatizo wake haucheleweshwi kwa ajili hiyo.