Mahadhi Matamu, Kauli Chungu

Je, yafaa kuyapenda mahadhi ya mtu aliyeyakana machozi ya wenziwe? Swali hili si geni kwa wapenzi wa ushairi, kwani aghalabu beti huwa bora kuliko aliyezitunga.

Mfano wangu unatoka mbali. Tarehe 27 Mei 1986 kampuni ya Enix ya Japani ilitoa Dragon Quest, mchezo wa kuchezwa kwa mashine ya Famicom iliyounganishwa na televisheni. Mchezaji hujivika ushujaa, akasafiri na kupambana na majoka. Muziki wake ulitungwa na Koichi Sugiyama, aliyekuwa na umri wa miaka 55, mtunzi wa nyimbo aliyekwisha kujulikana nchini mwake.

Famicom haikuwa na okestra. Ilikuwa na njia 5 tu za sauti: mbili za mawimbi ya mraba, moja ya pembetatu, moja ya mvumo, na moja ya vipande vilivyorekodiwa. Ndani ya kibanda hicho Sugiyama alijenga kasri. Mshairi hastaajabu, maana naye hupewa mizani 16 na vina viwili kwa kila mshororo, kisha hutakiwa aseme yote yaliyomo moyoni.

Hadi hapo hapana ubishi. Ubishi waanzia mwaka 2007, Sugiyama alipokuwa miongoni mwa waliotia saini tangazo katika gazeti la Washington Post, wakikana kwamba jeshi la Japani liliwalazimisha wanawake wa Asia kuwa watumwa wa ngono wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Baadhi ya wanawake hao walikuwa wangali hai, na serikali ya Japani yenyewe ilikuwa imekiri mwaka 1993 kwamba wengi walichukuliwa bila ya ridhaa yao. Hata hivyo, tarehe 23 Julai 2021 mahadhi ya Dragon Quest yalirindima mjini Tokyo katika ufunguzi wa Olimpiki, wanamichezo wa dunia wakiingia uwanjani, Wakorea na Wachina wakiwamo. Sugiyama alifariki Septemba ya mwaka huo huo.

Sasa tumchukulie kijana wa Lusewa, mkoani Ruvuma, anayeyasikiliza mahadhi hayo katika simu yake. Je, ayazime? Huenda akasema: mimi na Korea wapi na wapi? Lakini jibu limo mkoani mwake. Tarehe 27 Februari 1906, wakati wa Vita vya Majimaji, Wajerumani waliwanyonga mashujaa zaidi ya 60 mjini Songea. Ilipita miaka 117 ndipo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipofika Songea tarehe 1 Novemba 2023 na kuomba radhi. Lau mtunzi hodari wa Kijerumani angeandika gazetini kwamba hakuna aliyenyongwa pale, kijana wetu angesema muziki ni muziki tu? Wahenga walinena: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Kwa maoni yangu, tutenganishe kupenda na kutukuza. Mahadhi hayana kauli, na kisicho na kauli hakiwezi kusema uongo. Kuyachukia ni kuyatwika dhambi isiyo yao. Kupenda ni jambo la sikio, nalo sikio haliombi ruhusa. Kutukuza ni tendo la hadharani, lina mwenyeji na lina wageni. Anayeyapiga mahadhi hayo karamuni, ilhali waliojeruhiwa wameketi mbele yake, amekwisha kuwaambia kwamba jeraha lao ni dogo kuliko furaha yake.

Basi kijana na asikilize. Ila siku mdogo wake atakapomuuliza, "Nani katunga hii?", amjibu kwa ukamilifu: alijenga kasri kwa njia 5 za sauti, na akatia saini yake chini ya kauli iliyowanyima wanawake wale haki ya kusadikiwa. Akimficha moja kati ya hayo mawili, atakuwa naye ameanza kukana.