Bakuli la Mtawa: Nani Anayempa Mwenziwe?



Katika nchi za Thailand, Laos, Kambodia, Burma na kisiwa cha Sri Lanka ipo desturi ya kale inayofaa kutazamwa na kila mwenye kufikiri. Alfajiri watawa wa dini ya Budha hutoka katika nyumba zao za utawa, vichwa wamenyoa, miguu mitupu, wamefuatana safu moja, aliyetangulia katika utawa mbele na aliyefuata nyuma. Kila mmoja amechukua bakuli. Hawabishi hodi wala hawaombi. Watu wamekwisha kupika nao wanawangoja mbele ya nyumba zao. Wanavua viatu, wanatia chakula katika bakuli, wanainamisha vichwa. Mtawa hasemi ahsante. Anayejiona amefanyiwa wema ni yule aliyetoa.

Huenda ukastaajabu, ukauliza: Je, huku si kuombaomba? Mtu mwenye nguvu zake, kwa nini ale jasho la mwenziwe kila kukicha, tena asishukuru?

Swali hili wamejiuliza wao wenyewe. Huko Uchina alikuwako mwalimu wao mmoja, jina lake Baizhang, aliyefariki mwaka 814, ambaye anatajwa kuwa ndiye aliyewazoeza watawa wake kufanya kazi ya shamba. Inasimuliwa kwamba alipokuwa mzee wanafunzi wake walimwonea huruma, wakamfichia vyombo vyake vya kazi. Naye akakataa kula mpaka waliporudisha.

Ama wale wa nchi nilizozitaja mwanzo, ambao njia yao huitwa Theravada, wameshika jambo jingine, na jambo hilo lina hoja yake. Kanuni za mtawa kwao ni 227. Haruhusiwi kuchimba ardhi. Haruhusiwi kula ila alichopewa. Haruhusiwi kujiwekea chakula cha kesho, wala kula baada ya saa sita mchana. Ukizitazama kanuni hizi moja moja utaona ni taabu tupu. Ukizikusanya utaona zote zinaelekea mahali pamoja, nako ni kwamba mtawa asiweze kuishi mbali na watu. Kila kukicha lazima apite mbele ya macho ya wale wanaomlisha. Akiharibika tabia wataiona, na mkono unaotoa unaweza kuzuia. Nao watu, kwa itikadi yao, hupata thawabu kwa kutoa. Basi asipokuwapo wa kupokea, nao wamepungukiwa. Itikadi hiyo si yetu sisi Waislamu. Lakini swali lililomo ndani yake ni la wanadamu wote: kati ya mtoaji na mpokeaji, nani ana haja na mwenziwe?

Tazama yaliyotokea Burma, ambayo tangu 1989 jina lake rasmi ni Myanmar. Mwezi wa Agosti 2007 serikali ya kijeshi ilipandisha bei ya mafuta kwa ghafla, raia wakapata dhiki. Watawa wakaandamana, na mwezi wa Septemba katika mji wa Pakokku askari wakawapiga. Watawa wakataka waombwe radhi. Muda waliouweka ulipopita, wakatangaza kwamba hawatapokea tena sadaka ya watawala wa kijeshi. Wengine wakapita barabarani na mabakuli yao wameyapindua kifudifudi. Kanuni hiyo ni ya kale kwao, na ilikwisha kutumika mwaka 1990 katika mji wa Mandalay.

Fikiri, ndugu yangu. Jemadari alikuwa na bunduki, ghala na hazina. Alichokosa ni mtu mmoja wa kupokea wali wake. Serikali ililijibu bakuli lile kwa risasi na magereza, na kwa kufanya hivyo ilikiri uzito wake. Basi mpokeaji si mnyonge siku zote. Maana kupokea sadaka ya mtu ni kumshuhudia, na ushahidi haununuliwi kwa chakula.

Lakini haki yataka tuseme na upande wa pili. Katika nchi ile ile, miaka michache baadaye, wakatokea watawa waliohubiri chuki juu ya Waislamu. Mwaka 2017 jeshi likawafukuza Warohingya zaidi ya 700,000, wakakimbilia Bangladesh. Si watawa wote waliosema maneno yale, wala si Mabudha wote waliyoyaridhia. Hata hivyo wahubiri wale nao walipita alfajiri, na wapo waliowatilia wali. Kanuni iliyowekwa ili watu wamwangalie mtawa wao haifai kitu ikiwa wanaangalia bakuli peke yake.

Kwa hiyo tonge moja lina masuala mawili. Mpokeaji aulizwe: Umekula cha nani, na je, kimekufunga ulimi? Mtoaji naye aulizwe: Umelisha nini, mwili wa mtu au uovu wake? Masuala haya hayawahusu Mabudha peke yao. Kila anayeishi kwa mchango wa watu, awe mwalimu, mhubiri au kiongozi, analo bakuli lake hata kama halionekani, na sisi tunaochanga ndio tunaolijaza. Basi kabla hujatoa, tazama. Na kabla hujapokea, tazama vile vile.